Sehemu Tisa za Bi Ramani

Jina la Bi Ramani hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wageni wa hoteli, na lilimkaa vizuri kiasi kwamba hata mwenye hoteli, ambaye wafanyakazi wote walimwita Tajiri, alilitumia alipoandika orodha ya zamu. Mgeni akishuka ngazi asubuhi na kuuliza mji huu una nini cha kuona, Bi Ramani alichomoa karatasi chini ya kaunta, akaigeuza upande mweupe, akachora. Hapa hoteli, hapa bandari, hapa unakata kulia kwenye duka la vioo. Alichora haraka na bila kuinua kalamu.

Alikuwa ameingia pale kufua mashuka. Alifua miaka minne kwenye karo la uani, mikono ikachunika kwa sabuni, mpaka siku mtu wa mapokezi alipougua na Tajiri akamwambia asimame kaunta siku mbili tu. Siku mbili zile zikazaa miaka kumi na tisa. Kaunta yenyewe ilikuwa ubao mfupi chini ya funguo kumi na moja, lakini Bi Ramani aliipenda kama watu wengine wanavyopenda shamba. Alifiwa na mume akiwa nyuma ya kaunta ile, akasomesha watoto akiwa nyuma ya kaunta ile, na alikuwa amekula kiapo kwamba karoni harudi tena.

Mji ni mdogo. Mtu mwenye haraka anaumaliza kabla ya chakula cha mchana, kisha anakuja kulalamika kwamba hakuna kitu. Watu wa namna hiyo walimtia Bi Ramani hasira. Yeye alikuwa na sehemu tisa, aliziandika kwenye karatasi iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zikafifia, na alizisimulia kwa ufundi. Alijua upepo unavyopiga ukiwa juu ya mnara wa taa. Alijua rangi za samaki wanaoonekana chini ya boti ya kioo. Alijua baridi ya pango la bahari, na jinsi sauti inavyorudi mara tatu ukiita ndani.

Ila alikuwa hajawahi kufika hata sehemu moja kati ya hizo tisa.

Tusimcheke haraka. Aliletwa mjini akiwa bi harusi kutoka bara, mahali ambapo maji mengi ni yale ya kwenye pipa, na bahari aliiogopa tangu siku ya kwanza. Siku sita alikuwa kazini, ya saba alikuwa na nguo za nyumbani za kufua. Yote aliyoyajua aliyapata jioni, wageni waliporudi wamelowa na kuchomwa jua, wakaegemea kaunta kumsimulia. Alisikiliza, akaweka kichwani, kesho akamsimulia mwingine. Hakuwa mwongo. Alikuwa na masikio mazuri tu, na hakuna aliyewahi kumuuliza alikopata habari.

Basi akaja Mwalimu. Alikuwa mstaafu, mrefu, mwenye fimbo aliyoishika kwa mapozi zaidi ya haja, na alichukua chumba namba tano kwa muda wa wiki mbili. Alisema waziwazi kwamba amekuja kwa ajili ya pango. Bi Ramani akamwambia asihangaike kukodi boti, atembee ufukweni kwa miguu, njia ni mchanga mtupu. Aende saa nne, akishamaliza chai. Kwenye karatasi iliandikwa hivyohivyo: pango, saa nne mpaka saa saba.

Saa nne ile ilitoka kwa wageni wawili wa miaka mingi nyuma, mtu na mkewe, waliokwenda saa nne wakakuta pakavu. Bi Ramani akaiandika kama mtu anavyoandika saa ya kufungua duka. Kwamba maji hupwa na kujaa, na kwamba kila siku yanachelewa kuliko jana, hilo hakulijua. Karibu wageni wote walikwenda na mwenye boti, na mwenye boti anajua kazi yake. Wachache waliokwenda kwa miguu walirudi wakisema wamekuta maji, naye aliwachukulia kuwa wavivu wa kutembea.

Mwalimu alikwenda Jumanne, na siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa saa moja asubuhi. Aliingia pangoni saa nne kamili, maji yakimfuata kisiginoni. Alipogeuka kutoka, maji ya mlangoni yalikuwa yamefika kifuani, na wimbi likamchukua likampigiza mwambani. Mama mmoja mwokota chaza alisikia ukelele, akajitosa na nguo zake, akamshika kola ya shati akamburura mpaka nje. Saa saba mchana aliletwa hotelini, kifundo cha mguu kimevimba, mkono umeshonwa nyuzi tisa, fimbo imekwenda na maji. Bi Ramani alimwona akishushwa kwenye gari akahisi miguu yake yeye ndiyo imevunjika.

Mwalimu hakumlaumu, na hapo ndipo palipouma. Hakumwambia neno baya. Aliacha tu kumuuliza kitu. Kesho yake asubuhi alimuuliza mpishi kama saa ya ukutani inakwenda sawa, na Bi Ramani amesimama chini ya saa hiyohiyo.

Siku hiyo hiyo vijana wawili waliooana karibuni walikuja kaunta kuuliza wapi pa kwenda. Mkono wa Bi Ramani ulikwishashika karatasi. Akairudisha.

"Sijui," akasema.

Wakaangaliana, wakadhani hawakusikia. Akarudia, kwa adabu, kwamba hajui. Wakaenda zao kukaa chumbani. Tajiri, aliyekuwa akihesabu taulo nyuma ya pazia, alitoka akiwa bado ameshika moja.

"Miaka kumi na tisa unajua, leo hujui?"

"Nilikuwa najua kwa masikio, Tajiri. Sitamtuma tena mtu mahali nisipopaona kwa macho yangu."

Tajiri si mtu mbaya, ni mtu wa kuharakishwa na mambo. Alimwambia kwamba hoteli yenye mapokezi bubu ni ghala la vitanda. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, amemaliza chuo, ana simu yenye kila kitu, na anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Siku hiyo mgeni wa kwanza akiuliza, Tajiri atasimama pale asikilize. Bi Ramani akiwa na jibu, kaunta ni yake. Akiwa hana, mpwa atasimama pale na yeye atarudi uani, mashuka yapo tele.

Siku tisa, sehemu tisa. Bi Ramani alijifunga kibwebwe.

Alikuwa akikaa na wifi yake, dada wa marehemu mume wake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Wifi aliposikia habari alicheka mpaka uzi ukachomoka kwenye sindano. "Mimi nimezaliwa hapa, wifi. Huo mnara sijaupanda, na niko hai." Bi Ramani akamwambia avae viatu vya kutembelea. Wifi akanuna, akavaa.

Alhamisi ya kwanza, siku yake ya mapumziko, walianza na mnara. Kwa wageni Bi Ramani alisema ngazi mia moja na ishirini. Ziko mia moja thelathini na sita, na kumi na sita zile za ziada ndizo zilizomtoa roho. Kwenye ngazi ya tisini wifi alikaa chini akamwambia amsalimie atakayemkuta juu. Bi Ramani aliendelea, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti, akizihesabu kwa sauti ili asije akadanganywa na kichwa chake. Juu upepo ulimpokea kwa kofi. Visiwa saba alivyovisimulia maisha yake yote vilikuwa vinne. Alivihesabu tena akianzia upande wa pili, vikawa vinne vilevile. Mlinzi wa taa alimweleza kwamba vitatu ni miamba tu, huonekana maji yakipwa. Akafuta saba kwenye karatasi yake, akaandika nne, na akaandika pia kwamba ngazi ya tisini ina dirisha na mahali pa kukaa, kwa wenye wifi kama wa kwake.

Nyumba ya makumbusho ilimfedhehesha. Alikuwa akiwaambia watu wakaone mifupa ya nyangumi mzima, kumbe nyangumi hana mkia, na Jumatatu pamefungwa. Ni Jumatatu ngapi amewatuma watu kwenye kufuli? Alisimama mbele ya mbavu zile ndefu na uso ukamwaka kwa aibu. Bustani ya miti, ukuta wa bandari na bwawa la mawe alivimaliza kwa mapumziko ya mchana, kipande cha mkate mkononi. Mnada wa samaki aliuwahi alfajiri akamwagiwa maji ya barafu kwenye sketi, akajua kwamba mgeni asimame upande wa mizani na si upande wa makreti. Kwenye karakana ya kusokota kamba alikaa zaidi ya alivyopanga. Wazee wawili walitembea kinyumenyume kwa hatua ndogo, nyuzi zikijisokota mbele yao, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba watu wale hutembea hivyo siku nzima.

Boti ya kioo nusura imshinde. Jumapili mchana alifika kwenye gati, akaona ubao mwembamba wa kupandia na maji meusi chini yake, akarudi nyuma hatua mbili. Wifi, ambaye sasa alikuwa amenogewa, alimsukuma kwa kiuno kama anavyosukuma kabati. Bi Ramani alikaa amefumba macho mpaka injini ilipozimwa. Alipofumbua, chini ya nyayo zake kulikuwa na samaki. Wa njano, wa zambarau, mmoja wa buluu mwenye sura ya mtu aliyekasirishwa kwenye foleni. Walipita chini ya viatu vyake bila haraka. Akalia. Alilia kwa furaha, na alilia kwa wivu pia, kwamba wageni wote wale waliona hivi wakamletea maneno, naye akaridhika na maneno kwa miaka kumi na tisa. Wifi akampa ncha ya kanga bila kufanya mzaha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ikabaki ya tisa.

Pango hakulikimbilia. Kila siku saa saba mchana, kabla ya kwenda popote, alipita kwenye ngazi za mawe zinazoshuka baharini, akahesabu ngapi ni kavu. Jumatano tatu. Jumamosi saba. Jumatatu kumi na moja, na ya chini kabisa ilikuwa na ukijani wa kuteleza. Saa ni ileile, bahari si ileile. Mwokota chaza, yule aliyemwokoa Mwalimu, alimkuta siku ya tatu akihesabu kwa kidole, akamuuliza anatafuta nini. Bi Ramani akamwambia ukweli wote, na kwamba yeye ndiye aliyemtuma yule mzee.

Mwokota chaza aliweka kikapu chini. Alimwambia kwamba angekuwa mtoto wake angemzaba kofi. Kisha akamfundisha. Maji yanachelewa kila siku kama muda wa kupika maharage, karibu saa nzima. Mlangoni mwa pango kuna jiwe lenye mstari mweusi. Maji yakigusa mstari, ndani kunabaki nafasi ya kutoka tu, si ya kushangaa. Alhamisi maji yatakuwa chini kabisa saa nane na nusu mchana. Bi Ramani aliandika yote, akayarudia mpaka mama yule akachoka naye.

Jumatano jioni alipeleka chai chumba namba tano mwenyewe. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya mto, begi limeanza kupangwa. Ijumaa asubuhi alikuwa anaondoka. Bi Ramani aliweka chai mezani, akamwomba radhi, maana siku zote zile alikuwa hajamwomba. Alikuwa ameona aibu. Akamwambia kwamba kesho anakwenda pangoni, na anataka kumpeleka.

Mwalimu alisogeza kikombe kando. Kisha akasema jambo ambalo Bi Ramani hakulitegemea.

"Mama, mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Mapango nimeyachora ubaoni, kupwa na kujaa nimewafundisha watoto wa watu, na kabla ya kuja hapa sikuwahi hata siku moja kuingia pangoni. Siku ile maji niliyaona yanakuja. Niliyaona kwa macho haya. Nikajiambia, Bi Ramani amesema saa nne."

Bi Ramani alitaka ardhi ipasuke. Kulaumiwa kungekuwa nafuu.

"Kwa hiyo kesho sitaki uniamini," akasema. "Nataka uje uangalie."

Alhamisi saa nane walikuwa mchangani, Mwalimu akichechemea na fimbo mpya iliyokatwa kwenye mpini wa ufagio, Bi Ramani akimshika mkono usio na nyuzi. Wifi alibaki nje na mwokota chaza, mmoja akipiga soga na mwingine akichunga maji. Jiwe lilikuwa kavu, mstari wake mweusi juu ya magoti yao. Bi Ramani aliuweka mkono juu ya mstari ule, akamwonyesha Mwalimu, wakaingia.

Hofu ilikuwepo. Ilimfuata kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, na asiseme mtu kwamba iliondoka. Lakini aliendelea kutembea. Ndani kulikuwa na baridi, hilo wageni walisema kweli. Hawakusema kwamba paa linametameta, wala kwamba maji yanayodondoka yana ladha ya chumvi ukiyapokea kwa ulimi. Mwalimu alipapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, polepole, kama kipofu anayetambua uso wa ndugu yake. Aliita, na sauti ikarudi mara mbili. Bi Ramani akaita, ikarudi mara mbili. Walijaribu mara nyingi, wazee wawili wakipiga kelele gizani, na ya tatu haikuja.

"Mbili," akasema Bi Ramani, akaandika.

Mwalimu alitaka kufika mwisho, penye upenyo unaoingiza mwanga. Zilikuwa hatua thelathini hivi. Alikuwa amesubiri maisha yake yote na kesho anaondoka. Bi Ramani alitazama nyuma. Pale mlangoni, jiwe lilikuwa limeanza kulowa, na povu dogo lilikuwa linapanda na kurudi chini ya mstari.

"Mwalimu, tazama jiwe."

Alitazama. Akatazama upenyo. Mtu angeweza kuziona zile hatua thelathini zikimvuta. Bi Ramani hakusema tutoke. Alikuwa amejiapiza kwamba neno hilo hatalisema, mzee ajisomee mwenyewe, ingawa yeye alitaka kukimbia.

"Tutoke," akasema Mwalimu.

Walitoka kwa miguu yao, maji yakiwa kwenye vifundo. Mwokota chaza, aliyekuwa ameshakunja nguo tayari kuingia, alizikunjua akasema angalau leo hakulowa.

Ijumaa saa mbili asubuhi Tajiri alikuwa amesimama pembeni ya kaunta kama alivyoahidi, na mpwa wake ameweka mkoba juu ya ubao, simu mkononi. Mwalimu alikuwa kwenye benchi karibu na mlango akingoja gari. Wakashuka mgeni mmoja na mkewe na mabinti zao wawili wakubwa, wamefika jana jioni. Mume akasema wana siku moja tu, akauliza waone nini.

Bi Ramani aliwatazama kwanza. Mke alikuwa na viatu vya kisigino, kwa hiyo mnara akautaja na ngazi zake zote mia moja thelathini na sita, na dirisha la tisini. Mpwa wa Tajiri alisema simu yake inaonyesha mia moja na ishirini. Bi Ramani akamjibu kwamba anajua ilikotoka hiyo, na akaendelea. Karakana ya kamba, wasiende kwa haraka. Nyangumi, hana mkia. Pango, leo maji yatakuwa chini kabisa saa tisa na robo, wasiende kabla ya saa nane wala wasikae baada ya saa kumi. Kesho si saa hizo, wasimwambie mtu.

"Na mkifika mlangoni kuna jiwe lenye mstari mweusi. Maji yakiukaribia, rudini. Hata kama mimi nimewaambia nini, rudini."

Mume aliikunja karatasi, kisha akasita. Aliuliza kitu ambacho katika miaka kumi na tisa hakuna mgeni aliyewahi kukiuliza pale.

"Mwenyewe umewahi kuingia?"

Tajiri aliinua kichwa. Kwenye benchi, Mwalimu aliinua kichwa.

"Jana," akasema Bi Ramani. "Viatu vyangu bado viko juani."

Tajiri akachukua mkoba wa mpwa wake juu ya kaunta, akaupeleka ofisi ya nyuma.